Siku Tisa

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita. Niliiandika mchana wa Jumatatu moja ya Julai 2018, kompyuta ikiwa juu ya boksi la minyororo ya pikipiki, kwa kuwa ofisi ya timu yetu ilikuwa duka la vipuri la mweka hazina, hatua chache kutoka stendi mjini Shinyanga. Ilisema kwamba klabu haina pingamizi kwa mchezaji aliyetajwa hapo juu kujiunga na timu ya Mwanza iliyomwomba. Mwenyekiti akasaini, katibu akagonga muhuri. Wino haujakauka, simu ya mwenyekiti ikaita. Alitoka nje kuongea, akarudi baada ya dakika kumi hivi, akaichukua ile barua mezani na kunipa mimi.

"Kaa nayo kwanza," alisema.

Nilikaa nayo siku tisa.

Timu siitaji. Ilikuwa Ligi Daraja la Pili, viongozi wake wengi bado wapo mjini na bado tunasalimiana vizuri. Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa na timu mbili Ligi Kuu, Stand United na Mwadui, na sisi tuliishi kwenye kivuli chao kama mchicha chini ya mwembe: jua hatulipati sawasawa, lakini mbolea kidogo inatufikia. Mimi sikuwa kiongozi. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nimerudi nyumbani bila kazi, nina kompyuta na najua kuandika barua rasmi. Hiyo ilitosha kuniita katibu msaidizi.

Mashabiki wanadhani mpira unachezwa kuanzia Agosti hadi Mei. Aliyekaa ndani ya timu anajua kwamba mechi ngumu kuliko zote huchezwa Juni na Julai, wakati uwanja umeota majani na hakuna anayekimbia. Ndipo inapoandikwa orodha ya wanaobaki na ya wanaoachwa. Klabu kubwa humtengenezea anayeachwa picha nzuri ya mtandaoni yenye neno la shukrani kwa Kiingereza, na siku hizi hata bibi yangu anajua maana ya mtu "kupewa thank you". Sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na daftari la kaunta buku, na baadaye jedwali langu la kompyuta: jina, umri, mechi alizocheza, majeraha, kiasi anachodai.

Safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa imejaa. Wachezaji 22, mshahara shilingi 80,000 kwa mwezi, na hawakuwa wamelipwa miezi mitatu. Jumla 5,280,000. Kwenye sanduku la mweka hazina kulikuwa na risiti.

Tulikubaliana kuacha sita. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa beki wetu wa kati, mwenye miaka 34, aliyekuwa na timu tangu inacheza ligi ya wilaya kwa jezi za kuazima. Kati ya mechi na mechi alikuwa akifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Mwakitolyo, na siku nyingine alifika mazoezini kope zikiwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Goti la kulia lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyebisha jina lake, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko ubishi wowote. Nilichofanya mimi ni kubadilisha rangi ya mstari wake kwenye jedwali kutoka kijani kwenda nyekundu. Ukweli ni kwamba nilijisikia mtu mzito kidogo. Kijana wa miaka 24, hana kazi, anabonyeza kitufe na mtu mzima anaondoka.

Lakini beki huyo siyo niliyekaa na barua yake. Barua ilikuwa ya winga.

Alikuwa na miaka 19, na mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Alitoka Misungwi, mama yake alikuwa akiumwa huko, na timu ya Mwanza iliyomtaka ilikuwa mwendo wa daladala kutoka nyumbani kwao. Ilikuwa tayari kutupa 600,000. Simu iliyompigia mwenyekiti wino haujakauka ilitoka timu moja ya kusini, safari ya siku mbili kwa basi, na iliahidi 2,500,000. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Kijana aliambiwa barua "bado iko kwa mwenyekiti". Kila asubuhi alikuja dukani, ananiamkia, ananiuliza, "Kaka, ile karatasi imetoka?" Nami namjibu haijatoka. Karatasi iko kwenye begi, begi liko begani kwangu.

Siku ya tatu nilimwuliza mwenyekiti kama tunachofanya ni haki. Sikuuliza kwa ujasiri. Niliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba ni haki. Alikuwa mzee wa Kisukuma wa aina ninayoiheshimu mpaka leo, mwenye ng'ombe, mwenye maneno machache, aliyewahi kuuza ng'ombe wake wawili ili timu isafiri kwenda Kigoma. Alinijibu kwa mfano wa mahari. Binti, alisema, analelewa na ukoo mzima, na siku akiolewa ng'ombe huingia zizini kwa waliomlea. Hakuna anayesema binti ameuzwa. Huyu kijana alikuja hapa hana njumu. Alikula kambini miaka miwili, alivunjika kifundo tukamtibu. Leo aondoke kwa laki sita wakati kuna anayetoa milioni mbili na nusu? Kisha akanimaliza kwa siasa za mwaka uliopita, "Hata makinikia yalizuiwa bandarini, msomi. Wewe unataka hiki chetu kitoke bure?"

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Mchanga ule ulikuwa wa kwetu, wa Bulyanhulu na Buzwagi, na kwa mwaka mzima hapakuwa na kijiwe Kahama wala Shinyanga ambacho hakikujadili swali moja: kinachotoka ardhini kwetu kina thamani gani, na nani anapaswa kuambiwa. Mzee alikuwa amelichukua swali hilo zima zima na kulivisha jezi namba 11.

Hoja ya mahari ilinisumbua zaidi, kwa sababu haikuwa hoja ya mtu mwovu. Kuna deni la kweli kwa waliokulea, na mpira wenyewe unalitambua: kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa hiyo timu ya mtaani inayodai chake haiombi sadaka. Ila mahari, nilivyoiona ikifanyika kwenye ukoo wetu, ina kitu ambacho mzee alikiruka. Kabla ya ng'ombe kuhesabiwa, binti anaitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama anamfahamu huyu aliyekuja. Najua mara nyingi kuuliza huko ni desturi tu, na najua wasichana waliojibu ndiyo kwa sababu hawakuwa na njia ya kujibu hapana. Hata hivyo swali lipo, na linatangulia ng'ombe. Sisi tulikuwa tumehesabu ng'ombe, tukamficha bwana harusi wa kwanza, kisha tukasubiri binti achoke kuuliza.

Mfano ulionisaidia zaidi ulitoka kwa yule beki, ingawa hakuwa akizungumza habari ya winga. Jioni moja alikuwa akinieleza jinsi mawe yanavyogawanywa kwenye maduara. Duara, kwa wasioijua mikoa hii, ni shimo la mchimbaji mdogo. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayetoa chakula, mbao na mafuta ya jenereta, na kuna wanaoshuka chini. Mawe yakipatikana hayauzwi kwanza. Yanajazwa kwenye mifuko na mifuko inagawanywa palepale juu ya shimo, kila mtu akiangalia: hii ya leseni, hii ya gharama, hii ya duara, hii ya wachimbaji. Kila mmoja anakwenda kusaga wake. Dhuluma zipo nyingi, alisema, mizani zinachezewa na watu wanakufa kwa udongo kuporomoka. Lakini mgao wenyewe unafanyika hadharani.

Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo. Kwenye duara, mchimbaji ni mtu na jiwe ni jiwe. Unaweza kumpunja mchimbaji, ila huwezi kumtia mfukoni ukampeleka kwenye karasha. Mpira umevichanganya vitu hivyo viwili. Mchezaji ndiye anayechimba, na ndiye jiwe. Ndiye anayetoka jasho kuipandisha thamani, na thamani yenyewe ni mapafu na miguu yake. Kwa hiyo unapokuja wakati wa kugawana mifuko, yeye yuko pande zote mbili za mzani, na kwa kuwa jiwe haliulizwi, ni rahisi kusahau kumwuliza mchimbaji.

Kuna mtu aliyewahi kulikataa jambo hili, na hakuwa mcheza mpira wetu. Curt Flood alicheza besiboli Marekani, katika timu ya St. Louis Cardinals, kwa misimu 12. Besiboli ina desturi ambayo soka haina: klabu mbili hukutana msimu ukiisha na kubadilishana wachezaji, wawili wangu kwa watatu wako, na anayebadilishwa hupewa taarifa. Zamani zile mikataba ilikuwa na kipengele kilichoiruhusu klabu kuurefusha mkataba kila mwaka bila mwisho, hivyo mchezaji hakuwahi kuwa huru labda aachwe. Oktoba 1969 Flood aliambiwa amepelekwa Philadelphia. Mkesha wa Krismasi aliandika barua kwa kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akisema kwamba baada ya miaka yote hiyo haoni kuwa yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Watu walimshangaa. Mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana wakati ule, na yeye ni mtu mweusi katika nchi ambayo weusi wengi hawakupata hata sehemu ya kumi ya hizo. Jibu lake lilikuwa kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Alikwenda mahakamani, akafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu. Kipengele kile kilianguka miaka mitatu baadaye, kwa shauri la wachezaji wengine. Yeye alikuwa ameshaacha mpira.

Kinachonivutia kwa Flood ni kwamba Philadelphia haikuwa jehanamu. Ilikuwa tayari kumlipa zaidi ya St. Louis. Ukimpima kwa faida alizopoteza, alifanya ujinga. Hakulalamikia bei, alilalamikia kwamba hakuulizwa. Na winga wetu naye, ukweli usemwe, kusini angepata mshahara mkubwa kuliko Mwanza. Mwenyekiti alilirudia hilo mara nyingi na halikuwa uongo. Tungeweza kabisa kumwita, tukamwekea ofa zote mbili mezani, tukamweleza kwamba wenzake 21 wanadai na fedha hii itawafaa. Huenda angekubali. Ndilo linaloniuma: tulikuwa na hoja nzuri, na hatukumpa nafasi ya kuisikia. Ukimficha mtu hoja nzuri umeshaamua kwamba uamuzi haumhusu.

Hapa nifike kwenye sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Siku ya tano, nikitafuta mtandaoni mfano wa mkataba wa mauzo, niliziona kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Kulikuwa na kipengele kipya, kilichoanza kutumika Juni ya mwaka huohuo, mwezi mmoja tu nyuma. Kinasema mchezaji ambaye hajalipwa angalau mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu kuidai, akaipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa akauvunja mkataba kwa sababu halali. Sisi tulikuwa na miezi mitatu. Mwanasheria angeweza kubishana kama kipengele kile kinamfikia mchezaji wa daraja la pili Shinyanga moja kwa moja, lakini kijana angekuwa na pa kusimamia. Angeweza kuja dukani akasema mnidaivyo na ninavyowadai havilingani. Pengine asingehitaji hata barua ya mistari sita.

Nilikisoma mara mbili, kisha nikafunga kompyuta. Kesho yake alikuja, akaniamkia, akaniuliza kama karatasi imetoka.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku hiyo. Nilikuwa mtumishi wa klabu, na mtumishi hatoi silaha kwa upande wa pili. Hakimu halazimiki kumfundisha mdaiwa sheria. Kila mtu ana simu, naye angeweza kutafuta. Hoja hizi zina nguvu pale ambapo pande mbili zinajua kwamba ni pande mbili. Yeye hakujua. Aliponiita kaka hakuwa akizungumza na upande wa pili. Alikuwa akizungumza na kijana mwenzake aliyesoma, aliye ndani, ambaye bila shaka angemwambia kama kungekuwa na la kuambiwa. Mwenyekiti alimzuia kwa muhuri, jambo ambalo mkataba ulimruhusu. Mimi nilimzuia kwa lile neno "kaka".

Na bado siwezi kusema klabu haikuwa na haki ya kitu chochote. Watu wanaodhani suala hili ni jepesi hawajawahi kuona timu ikifa. Stand United ilizaliwa stendi, kwa nguvu za watu wa stendi, na jina lake la utani, Chama la Wana, lilikuwa na maana hiyo hasa. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kampuni ya madini ya Acacia ikaja na udhamini mwaka uliofuata, ghafla likazuka swali ambalo hakuna aliyelijali wakati wa njaa: hao wana ni akina nani? Wanachama upande mmoja, waliotaka iendeshwe kama kampuni upande mwingine, na mgogoro ukaendelea mpaka mdhamini akaondoka mwaka 2016. Mwaka 2019 timu ikashuka. Mwadui ikafuata mwaka 2021. Nilikuwa nikisikia mabishano yale na kujifunza kwamba tunaposema "mchezaji wetu", neno gumu si mchezaji, ni "wetu". Wetu sisi akina nani? Kwenye kamati yetu tulikuwa watu saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mchezaji.

Angalia na Geita. Mji ule umezoea kuona kilicho bora kikiondoka. Dhahabu haikai Geita. Msimu wa 2021/22, wa kwanza kwake Ligi Kuu, Geita Gold ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Fikiria maana yake: kiatu cha dhahabu kinakwenda kwenye mji wa dhahabu, hakikwenda Kariakoo. Kabla msimu uliofuata haujaisha alikuwa Lubumbashi, katika timu ya Lupopo. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka daraja. Sisemi jambo moja lilizaa jingine. Timu hushuka kwa sababu nyingi, na mshambuliaji mmoja si nguzo ya nyumba nzima. Nasema tu kwamba kuna furaha ya mji mzima inayopanda basi pamoja na mchezaji, na anayesema mashabiki hawadai chochote hajawahi kukaa kwenye nyasi za Nyankumbu siku timu ikishinda. Wanadai. Sijui wamdai nani, lakini sidhani wanaweza kumdai miaka ya mtu.

Mwaka wa pili chuoni tulisomeshwa Kant, kitabu chake cha 1785, na kanuni yake kwamba usimtumie mtu kama njia tu ya kufikia lengo. Darasani nilidhani uzito wa sentensi hiyo uko kwenye "njia" na "lengo", na nikajibu mtihani hivyo, nikapata B. Dukani, kati ya minyororo na plagi, niligundua kwamba uzito wote uko kwenye neno dogo "tu". Kila mchezaji ni njia. Ananunuliwa ili afunge, anauzwa ili wengine walipwe, na hakuna ubaya katika hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa njia ya timu kupata barua zisizo na makosa. Kati ya kumtumia mtu na kumtumia mtu tu, tofauti inaweza kuwa mazungumzo ya nusu saa. Kant, nadhani, hakuwahi kudaiwa na wachezaji 22.

Siku ya saba timu ya Mwanza ilisajili winga mwingine, haikuwa na sababu ya kusubiri. Siku ya tisa mwenyekiti alinipigia simu akisema fedha za kusini zimeingia, nichane ile barua, niandike mpya. Niliandika. Kijana aliitwa, akaelezwa, akasema sawa mzee, asante. Aliangalia barua kwa muda, nadhani akitafuta neno Mwanza, kisha akaikunja mara nne na kuitia kwenye soksi.

Milioni mbili na nusu tuliigawa usiku huohuo. Walioachwa walilipwa madeni yao yote, 240,000 kila mmoja, kwa kuwa mwenyekiti alisema mtu haachwi huku unamdai huruma. Hizo zikawa 1,440,000. Zilizobaki wakagawana wale 15 waliokuwa wanabaki, sabini elfu na kidogo kwa kila mmoja. Ukijumlisha 6 na 15 unapata 21. Winga hakuwemo. Mtu mmoja alisema yeye si atalipwa huko aendako, wengine tukaitikia, na mweka hazina akafunga daftari.

Beki nilimpelekea fedha zake mwenyewe, Mwakitolyo, kwa pikipiki. Kulikuwa na kelele za karasha ikabidi tusogee mbali. Alizihesabu, akashangaa zimetimia. Aliniuliza zimetoka wapi. Nilimweleza, pamoja na ile habari ya Mwanza. Sijui kwa nini yeye nilimweleza na mwenyewe sikumweleza. Alikaa kimya. Yule kijana alikuwa akilala naye chumba kimoja kambini na ndiye aliyemfundisha kujifunga kifundo kwa kitambaa.

"Mdogo wangu," alisema, "kwa hiyo hizi ni za kwake."

Nikamwambia hapana, ni za kwako, ulizifanyia kazi. Hilo pia lilikuwa kweli. Alitoa noti saba za elfu kumi kumi, akaziweka kando, akaniuliza kama nina namba ya simu ya mama yake Misungwi. Sikuwa nayo. Akasema ataitafuta.

Winga alicheza kusini misimu miwili, kisha timu nyingine, kisha nyingine. Hakufika Ligi Kuu. Wengi hawafiki, na sitadai kwamba Mwanza angefika. Tulionana stendi miaka michache baadaye, yeye akishuka, mimi nikisubiri mzigo. Alinenepa kidogo. Alinichangamkia sana, akaniita kaka kama zamani, akaniuliza habari za mzee mwenyekiti, akanionyesha picha ya mtoto. Mama yake alikuwa amefariki wakati yeye yuko huko. Aliniambia basi lilimchukua siku mbili na alikuta wameshazika. Alilisema kama mtu anavyosema habari ya mvua.

Mzigo wangu ulikuwa umefika na utingo ananiita. Nilimwambia pole sana, tukapeana namba.

Barua ya kwanza sikuichana. Iko kwenye bahasha pamoja na vyeti vyangu, ina muhuri na saini, na tarehe yake ni ya Jumatatu ile. Namba yake ninayo. Nimeshaandika ujumbe mara kadhaa, mrefu na mfupi, na mara ya mwisho nilifika mpaka neno la tatu, baada ya "Habari, mdogo wangu".